Kwa Muuguzi, Wodi ya Wazazi

9 Januari

Bi Mkubwa wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamekubali kupanda ngazi za baraza bila kugombana nawe. Mume wetu, yaani Babu, umsalimie sana. Mwambie mke mdogo hajamsahau, ila asitegemee nitarudi kumpikia, maana wewe ulimwahi.

Sisi huku hatujambo. Fundi, mume wangu wa kweli, yuko na saa zake. Karakana imejaa, kwa hiyo ameleta nyumbani saa kumi na nne za ukutani za watu, na kila moja ina majira yake. Ikifika saa sita mchana zinaanza kugonga kwa zamu mpaka saa sita na robo. Nikilalamika ananiambia nisikilize vizuri, ile ya jikoni inaendelea kupona.

Kazini ni yale yale: vitanda ishirini, wazazi thelathini na tano. Wanalala wawili wawili, kichwa huku miguu kule. Juzi mmoja alipiga kelele mpaka watu wa maabara wakaja kuchungulia. Nikamwambia kama ninavyowaambia wote: "Bibi yangu amezaa saba katika wodi kama hii, na jirani yake wa kitanda hakujua. Wewe una nini cha kututangazia?" Akanyamaza. Huwa wananyamaza. Ndiyo maana wananiita Sista Nyamaza, na mimi jina hilo silikatai.

Kuna jambo dogo nilisahau kulitaja. Nina mimba ya miezi sita. Mama anajua siku nyingi, ila alinikataza kukuandikia mapema. Alisema ukijua wewe amejua mwenye duka, na akijua mwenye duka hakuna haja ya redio. Tafadhali usianze kulia. Najua nina miaka thelathini na minane, na najua tulishaacha kuulizana habari hizi.

Hofu sina. Nimezalisha watoto ambao wakipangwa mstari watafika sokoni na kurudi. Ila kwa ajili ya kazi tu, ningependa uniandikie ile njia yako ya kukaa kimya, hatua kwa hatua. Ulikuwa unavuta pumzi vipi? Ulikuwa unatazama wapi? Nauliza kitaalamu.

Mke mdogo


28 Januari

Mke mwenzangu mpendwa,

Marahaba, na marahaba tena, maana sasa mko wawili. Barua yako niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama, ya nne nikakaa. Sikulia. Macho yalitoka maji kwa sababu ya moshi, na kama mama yako atakuambia jiko halikuwa limewashwa, mwambie hakuwepo.

Tena mama yako ananisingizia. Mwenye duka nilimwambia kwa siri. Kama yeye amewaambia wengine, huo ni udhaifu wake.

Mume wetu ni mzima. Amepata meno ya bandia, na wakati wa kula anayatoa na kuyaweka mfukoni, ati yasichakae. Mbuzi wa jirani amekula shuka langu lile lenye maua. Nilipokwenda kudai, jirani akasema mbuzi wake hapendi vitambaa. Nikamwambia basi amfungue kinywa tumuulize. Hatusalimiani tangu Jumanne.

Sasa hilo la kimya. Mwanangu, hakuna njia. Mtu unaamua tu. Mimi nilikuwa nalala ubavu, natazama msumari mmoja ukutani. Muuguzi akipita akauliza, "Vipi?" najibu, "Bado," kama mtu anayeulizwa kama chai imechemka. Wenzangu huku na huku wanawaita mama zao, wengine wanawatukana waume zao kwa majina kamili, na mimi natazama msumari. Mwisho muuguzi mkuu akanishika bega akasema, "Wangekuwa wote kama wewe, tungekuwa tunafuma masweta humu." Saba wote hivyo hivyo. Daktari alikuwa anawaleta wageni waje kunitazama.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, iko kwenye damu. Usiniulize zaidi, ni mambo ya zamani na kichwa changu siku hizi kinachuja.

Kula vizuri, usibebe ndoo, na mwambie fundi azime hizo saa.

Bi Mkubwa


20 Februari

Bi Mkubwa wangu,

Shikamoo. Pole kwa shuka. Barua yako ilichukua wiki tatu kufika na ilikuwa na doa la mafuta. Natumaini ni la posta na si la mbuzi. Fundi anakusalimu. Nilipomsomea pale ulipoandika azime saa, akasema Bibi ni mtu mwema lakini hajui mitambo.

Msumari nimeuelewa. Katika chumba chetu cha kuzalia hakuna msumari, ila kuna alama ya mjusi aliyebanwa na dirisha, nadhani itafaa. Nilipenda kuijaribu mapema. Jumatano niligonga kidole cha mguu kwenye tairi la kitanda, nikamtazama mjusi, na neno lililonitoka siwezi kuliandika kwa mtu wa umri wako.

Hapo ndipo tatizo lilipo, ingawa si tatizo. Wodini wameshaona tumbo. Wiki iliyopita nilikuwa namtuliza mama mmoja wa kitanda cha tisa kwa maneno yangu ya siku zote, akageuka akanitazama kuanzia chini mpaka juu, akasema, "Sista, siku yako na wewe ikifika tuambie, tuje na mikeka tukae tukusikilize." Wodi nzima ilicheka. Mwanamke aliyekuwa amefunguka sentimita nane alicheka. Tangu siku hiyo wafagiaji wananiuliza tarehe. Mwenzangu wa zamu, yule tunayemwita Redio kwa sababu ya sauti yake na kazi anayoifanyia, amebadilisha likizo yake ili asinikose.

Nimewaza kwa utulivu nikapata jibu. Nitazaa kwingine. Iko zahanati ndogo pembeni ya mji, nyuma ya kiwanda cha mbao, ina vitanda viwili na muuguzi mmoja, na hakuna anayenijua. Nimeshakwenda kujiandikisha. Waliponiuliza kazi, nikasema mimi ni mshonaji.

Bibi, nimeteseka. Yule muuguzi alinichorea picha ya tumbo la uzazi, akaichora kichwa chini miguu juu, na ikabidi niseme, "Kumbe!" Alinipima presha kwa mashine ambayo mshale wake unaanzia ishirini kabla haujafungwa mkononi. Iko juu kidogo, lakini mashine ile ingeikuta hata meza ina presha. Halafu akanipa sare zake mbili nizipunguze kiuno. Sasa ziko hapa mezani. Unajua mimi kushona nilishindwa darasa la tano. Fundi amejitolea, anasema nguo na saa ni kitu kimoja, ila nimeona ameshapoteza mkono mmoja wa sare.

Basi, hayo ndiyo yangu. Sioni ubaya wowote. Ni kupumzika tu na kelele za kazini.

Mke mdogo


9 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imeanza. Mume wetu alisahau meno mfukoni, yakafuliwa pamoja na suruali, sasa anasema chakula chote kina ladha ya sabuni.

Kazae kazini kwako. Pale kuna madaktari. Usiniulize kwa nini.

Wewe si mshonaji. Rudisha sare za watu.

Bi Mkubwa

Wakikucheka, wacheke. Kicheko hakijawahi kutoboa mtu.


22 Machi

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima. Mama anakusalimu, alikuja akakaa siku nne na kuondoka kwa sababu ya saa.

Nimeanza likizo jana. Miguu imevimba kiasi kwamba navaa viatu vya Fundi. Kichwa kinaniuma asubuhi, lakini nani hakimuumi. Nilijipima presha mwenyewe kwa mashine ya wodini siku ya mwisho: mia na hamsini juu ya mia. Angekuwa mzazi wangu ningemlaza. Lakini mimi najijua.

Bibi, sikuelewi. Kwanza unaniambia nitazame msumari, halafu unaniambia wacha wacheke. Miaka kumi na sita nimewaambia wanawake wa wodi ile kwamba inawezekana, kwa sababu wewe uliweza. Wakinisikia nalia, maana yake nimewadanganya wote, mmoja mmoja. Nitarudije pale kuvaa kofia? Wewe uliweza mara saba, mimi nishindwe mara moja? Nikizaa, nazaa kimya, na kama siwezi kimya, basi mahali ambapo hakuna anayejua nilikuwa natakiwa kunyamaza.

Nimeamua. Tarehe kumi na sita mwezi ujao nahamia kule, kuna chumba cha kungojea nyuma ya zahanati. Sare moja nimeirudisha. Muuguzi alisema kiuno ni kizuri lakini anauliza shingo iko wapi.

Mke mdogo


4 Aprili

Mke mwenzangu mpendwa,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu. Mume wetu yuko nje anachimbua mtaro, mbuzi yuko hai, mambo mengine utayasikia.

Barua hii nimeituma kazini kwako, si kwenye sanduku la posta la Fundi, kwa sababu Fundi ana tabia ya kufungua vitu aone vinafanyaje kazi, na haya sitaki asome mtu mwingine yeyote duniani. Najua uko likizo, lakini wenzako wanakuheshimu, watakuletea. Juu ya bahasha sikuandika jina. Nimeandika "Kwa Muuguzi, Wodi ya Wazazi", kwa heshima ya cheo chako.

Nilikudanganya. Ule msumari haukuwepo.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa kelele zilizomleta mlinzi wa geti mbio na rungu, akidhani wodi imeingiliwa na mwizi. Nilimkamata daktari tai. Nikamwambia mimi na yeye hatuachani mpaka mtoto atoke. Alijaribu kunieleza kwamba anaitwa chumba kingine, nikavuta. Mtoto alipotoka, mkasi wa kwanza haukukata kitovu, ulikata tai. Nilikaa pale siku tatu, na siku zote tatu watu walikuwa wanapita mlangoni wakionyeshana mimi. Waliniita King'ora.

Mwaka wa pili nikarudi na mimba nyingine. Nilipofika tu mlangoni, muuguzi akapiga makofi akasema, "Jamani, King'ora amerudi!" Wodi nzima ikaangua kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikajiapia kwamba safari hii hawatasikia hata kikohozi changu. Wakanipa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Nikang'ata pindo la kanga.

Muuguzi akapita, akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Bado." Akapita tena. Nikasema, "Bado." Nilikuwa najua kwamba si bado. Nilikuwa najua kwamba kuna kitu hakiko sawa, mtu unajua. Walikuwa hatua kumi kutoka kwangu, wanapanga pamba. Ningeita wangekuja. Sikuita. Walipokuja kufunua shuka alikuwa ameshatoka, na kamba ya kitovu ilikuwa shingoni, na muda ulikuwa umepita.

Muuguzi mkuu alinishika bega akasema, "Pole. Lakini safari hii umejikaza kweli." Sifa hiyo ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho hospitali ile. Sikuwa na kingine cha kubeba. Nikawa naisimulia, na kila nikiisimulia naongeza kidogo, mpaka ikawa saba, ikawa na msumari na wageni wa daktari. Babu yako alikuwa ananisikia na hakusema neno. Ukaikuta wewe ukiwa mtoto mgongoni kwangu, ukaipeleka kazini, na mimi nikaona fahari nikanyamaza.

Sikuzaa saba. Nilizaa wanane. Na wale sita waliofuata wote niliwazaa nikilia, wa tatu ndiyo usiseme, walimwamsha mpaka mganga mkuu.

Nenda kwa madaktari wako. Piga kelele mpaka bati litikisike. Akikuuliza mtu "Vipi?" usimwambie bado.

Bibi yako


29 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Mimi ni mzima, na mtoto ni mzima. Msichana, kilo tatu na robo. Amelala hapa kando yangu, ana masikio ya Fundi, tutamfunga kitambaa. Simu ya maandishi tuliyotuma najua ilifika, kwa sababu mama anasema mwenye duka alimpongeza kabla hajafungua mlango. Sasa kaa chini nikueleze, na usimeze kitu mpaka nimalize.

Barua yako ilifika wodini tarehe kumi na tano. Pale kwetu, Bibi, barua iliyoandikwa jina ni ya mtu. Barua iliyoandikwa cheo ni ya serikali. Inapigwa muhuri, inapewa namba, inaingizwa kwenye daftari, na inasomwa kwenye mkutano wa asubuhi mbele ya watumishi wote wakiwa wamesimama. Ni utaratibu wa Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, ambaye angekubali hospitali iungue kuliko utaratibu uvunjwe. Anayesoma ni Redio, kwa sababu ya sauti.

Haya nayaandika kama alivyonisimulia yeye mwenyewe.

Akasoma: "Mke mwenzangu mpendwa." Watu wakatazamana. Daktari wa zamu akauliza kama huo ni waraka wa wizara. Matroni akasema, "Endelea, tutajua mbele unahusu nini." Akasoma habari za mtaro. Akasoma habari za mbuzi. Mkunga mmoja akaandika "mbuzi" kwenye daftari lake. Alipofika pale ulipoandika hutaki asome mtu mwingine yeyote duniani, akasita, akamtazama Matroni, na Matroni, ambaye alikuwa anatafuta miwani, akasema, "Soma, soma." Kwenye tai, Bibi, walikaa chini. Mfagiaji alishikilia ufagio ili asianguke. Daktari alishika tai yake mwenyewe.

Halafu wakafika mwaka wa pili. Redio anasema aliposoma "Bado" ya pili sauti ilimwishia. Ni mara ya kwanza jambo hilo linatokea. Matroni alimnyang'anya barua, akaimalizia kimya mwenyewe akiwa amesimama, na hakuna aliyetoka. Akavua miwani. Akasema mkutano umefungwa.

Mimi wakati huo nafunga mfuko wangu wa kwenda zahanati kesho yake. Nikasikia gari la wagonjwa nje. Matroni akaingia, hakunisalimu, akaketi katikati ya zile saa, akanifunga mashine ya presha mkononi. Mia na sabini juu ya mia na kumi. Akaweka barua yako mezani. Ina muhuri wa IMEPOKELEWA, ina namba, na pembeni, kwa kalamu yake nyekundu: "Muuguzi mhusika alazwe leo. Kwa utekelezaji." Nikaisoma pale pale, mbele yake. Sitakuambia nilikuwaje. Kisha nikaingia kwenye gari na viatu vya Fundi.

Siku mbili walinipa dawa za presha, ya tatu uchungu ukaanza. Na unajua nini, Bibi, hata baada ya kusoma yale yote, saa nne za kwanza nilinyamaza. Nilikuwa namtazama yule mjusi. Miaka kumi na sita haitoki kwa barua moja. Redio alikuwa anaingia na kutoka. Mara ya tatu akanijia karibu, akauliza polepole kabisa, "Vipi?" Neno likafika mdomoni. Nikalishika pale. Nikasema, "Redio, naumia. Naogopa. Usiondoke."

Baada ya hapo sina uhakika wa kila kitu, ila mashahidi ni wengi. Wanasema nilimtukana Fundi kwa jina kamili. Wanasema nilimgombeza Redio kwamba anajaza chati vibaya, na nilipoonyeshwa chati ilikuwa imejazwa vizuri, nikagombeza chati. Watu wa maabara walikuja. Mlango wa pili mwanamke mmoja akapaza sauti, "Sista! Nyamaza basi, na wengine tunazaa!" Nikamwambia anyamaze yeye. Wakasikia mpaka kwenye foleni ya dawa, na wapo waliopiga makofi mtoto alipolia, watu ambao hata sijui walikuwa wanaumwa nini.

Sasa jambo moja nakuambia bila mzaha. Kondo lilipotoka, damu haikukata. Nilijisikia naondoka, na nikasema, kwa sauti kubwa, kwamba naondoka. Daktari alikuwa pale pale. Walinitundikia chupa mbili za damu. Kule nyuma ya kiwanda cha mbao hakuna daktari wala chupa ya damu, na mimi ningekuwa nimelala ubavu, natazama ukuta, nasema bado. Ningekufa, Bibi. Nasema hivyo kama mkunga, si kama mjukuu.

Nimemwandikia yule muuguzi wa zahanati kumwambia ukweli kuhusu kazi yangu. Amejibu kwamba baada ya kuiona ile sare hakuwahi kuamini.

Nina swali moja. Yule wa pili alikuwa wa kike au wa kiume? Ulipata kumshika?

Mjukuu wako


20 Mei

Mke mwenzangu mpendwa, na mke mwenzangu mdogo kabisa wa masikio,

Marahaba zenu. Mungu ashukuriwe. Nimempa jirani habari, nikampa na mkono, maana siwezi kuwa na furaha yote hii na kununiana na mbuzi. Mume wetu amesema akija kumwona kitukuu atavaa meno njia nzima.

Niliposoma kwamba barua yangu imepigwa muhuri na kusomwa mbele ya serikali, nilijifungia chumbani. Nilikaa humo mpaka saa kumi alasiri. Nikawaza nihame. Nikawaza nimwandikie Matroni maneno ambayo hayana namba. Halafu njaa ikanishika, nikatoka, na nikashangaa kwamba magoti hayaniumi sana. Mwambie Matroni namsalimu. Mwulize pia yule daktari, kwa kuuliza tu, alicheka zaidi sehemu gani ya tai.

Sasa swali lako. Alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja kama aliyechanwa. Nilimshika. Muuguzi alitaka kumchukua upesi, nikamwambia aniachie kidogo, hiyo ndiyo sauti pekee niliyoitoa siku ile. Babu yako alimpokea mlangoni kwenye kanga, akambeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa miguu. Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza. Miaka hamsini na minane, hakuna aliyeuliza, na mimi nilidhani nisiposema nitasahau.

Juzi amekuja karani wa kuhesabu watu. Kijana msafi, ana kalamu mbili. Tumemweka barazani, tumempa maji. Akauliza wanaolala nyumba hii, akauliza bati ngapi, akauliza choo. Halafu akanigeukia mimi akasema, "Bibi, umezaa watoto wangapi?"

Nikasema, "Wanane."

Mume wetu alikuwa anamenya chungwa. Akaacha.

Karani akaangalia karatasi yake, akasema, "Mwenye duka ameniambia hapa ni saba." Nikamwambia mwenye duka hakuwepo. Akatabasamu vile mnavyotabasamu ninyi wasomi kwa wazee, akamtazama babu yako, kama watu wanavyofanya wakitaka neno la mwanamume ndipo waandike.

Babu yako akaweka chungwa chini. Akasema, "Umemsikia. Andika."

Bibi yako